Bekapu Ipo, Ufunguo Uko Wapi?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya serva za ripoti, zile zinazotoa ripoti za mauzo na stoo na mishahara halafu bosi anazikuta kwenye imeili asubuhi, na tangu hapo maswali hayajakoma. Mengi yanahusu SQL Server Reporting Services ya Microsoft, wengi tunaiita SSRS, kwa hiyo leo ukurasa wote nimewapa hao. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mwanza, kampuni ya kusambaza vinywaji. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo na serva yetu ya ripoti ikazima moja kwa moja, fundi anasema mazabodi imeungua. Bekapu ya databesi tunayo, ile faili ya .bak ya usiku wa jana yake, nikashukuru Mungu. Tukanunua mashine nyingine, nikaweka SSRS, nikarudisha databesi bila tatizo lolote, nikichungulia kwenye jedwali la Catalog naona majina ya ripoti zote yapo. Lakini nikifungua ukurasa wa ripoti hauniletei hata folda moja, unalalamika kwamba umeshindwa kusoma ufunguo, na mwisho wa meseji kuna neno rsReportServerDisabled. Aliyeisimika serva aliacha kazi mwaka jana na simu hapokei. Bosi amezoea kupata ripoti ya stoo saa kumi na mbili asubuhi kila siku na sasa kila siku ananiuliza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, najua hiyo hali ya kuulizwa kila asubuhi. Kwanza tulia, ripoti zako hazijapotea. Ulichokosa ni ufunguo wa enkripisheni, na hiki ndicho kitu ambacho watu wengi wanaosimika SSRS hawaambiwi kabisa.

Iko hivi. SSRS ina databesi mbili, ReportServer na ReportServerTempDB. Ile ya kwanza ndiyo inabeba kila kitu: ripoti zenyewe, mafolda, nani anaruhusiwa kuona nini, ratiba, ripoti zinazojituma zenyewe, na vyanzo vya data, yaani zile taarifa za kuunganisha ripoti na databesi ya mauzo au ya stoo pamoja na jina na pasiwedi ya kuingilia huko. Sasa hizo pasiwedi na zile laini za kuunganisha hazikai wazi, zimefichwa kwa enkripisheni, na ufunguo wa kuzifichua umehifadhiwa ndani ya databesi hiyohiyo kwenye jedwali linaitwa Keys, ila na wenyewe umefungwa kwa ufunguo mwingine ambao unakaa kwenye Windows ya mashine ya zamani, chini ya akaunti iliyokuwa inaendesha sevisi ya SSRS. Ni kama umeokoa kabati kwenye nyumba iliyoungua, kabati limetoka salama na nguo zote zimo, ila droo moja ina kufuli na ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa ukuta wa nyumba ileile.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote lingine nakuomba utafute vitu viwili. Cha kwanza, faili yoyote yenye mwisho wa .snk, hiyo ndiyo nakala ya ufunguo, itafute kwenye flashi za ofisi, kwenye laptopu ya yule aliyeondoka kama iliachwa, kwenye folda za pamoja, hata kwenye imeili zake za kazini. Ukiipata na pasiwedi yake ukaijua basi kazi yako ni ya dakika tano, unafungua Report Server Configuration Manager, unaingia sehemu ya Encryption Keys, unabonyeza Restore, unachagua faili, unaandika pasiwedi, unazima na kuwasha sevisi, umemaliza.

Cha pili, hadidiski ya mashine ya zamani. Mazabodi kuungua si lazima diski nayo iwe imekufa! Kama kuna mashine nyingine ya aina ileile, fundi aihamishie diski huko na ajaribu kuiwasha. Ikiwaka hata mara moja tu, Windows ileile, akaunti ileile, ingia haraka kwenye Configuration Manager utoe ufunguo kwa Backup, uweke pasiwedi mpya unayoijua wewe, halafu faili uliweke nje ya mashine hiyo. Kama serva ilikuwa inachukuliwa bekapu ya mashine nzima, siyo databesi peke yake, nayo itakuokoa kwa njia hiyohiyo. Mtu asikuharakishe kuitupa ile diski wala kuifomati.

Ukikosa vyote viwili ndiyo unaenda kwenye njia ya mwisho, nayo ni kufuta kile kilichofichwa, kwenye sehemu ileile ya Encryption Keys kuna Delete, au kwa amri ya rskeymgmt -d, hiyo ni programu ndogo ya funguo inayokuja na SSRS yenyewe. Usiiguse kabla hujachukua nakala nyingine ya databesi kama ilivyo sasa, kwa sababu ukishafuta hakuna kurudi nyuma, na kesho diski ya zamani ikiwaka utaihitaji hiyo nakala. Baada ya kufuta, zima na washa sevisi, na ukurasa wa ripoti utafunguka, mafolda yatakuwepo, ripoti zitakuwepo, ruhusa zitakuwepo. Kitakachokosekana ni zile taarifa za kuunganisha, itabidi uingie chanzo kimoja kimoja uandike upya laini ya kuunganisha na jina na pasiwedi. Ili ujue kazi ni kubwa kiasi gani, kwenye jedwali la Catalog hesabu mistari yenye Type namba 5, hivyo ndivyo vyanzo vya pamoja, ila kumbuka kuna ripoti nyingine zina chanzo chake binafsi ndani, hizo utazigundua kwa kuzifungua na kuona zinakataa. Halafu zile ripoti zinazojituma, kila moja uifungue na uisevu tena hata kama hujabadilisha kitu, vinginevyo inabaki na mabaki ya ule ufunguo wa zamani na haiendi.

Anza na ya stoo. Hiyo moja ikifika kwa bosi saa kumi na mbili asubuhi, wewe utapata nafasi ya kupumua na kumalizia nyingine kwa utulivu. Na siku hiyohiyo utakayomaliza, toa ufunguo mpya.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mhasibu Arusha, si mtu wa kompyuta. Kijana wetu wa IT kila nikimuuliza ananiambia "bekapu zipo dada, kila usiku". Simshuku ila na mimi ndiye nitakayebanwa na wakaguzi. Nimuulize maswali gani ili nijue kweli zipo?

JIBU: Dada yangu, swali lako ni zuri kuliko maswali yote niliyopata mwezi huu, na natamani wahasibu wote wangeliuliza.

Usimuulize kama zipo. Mwombe akuonyeshe ripoti moja ikifunguka kwenye mashine nyingine iliyojengwa kutokana na hizo bekapu. Basi. Mpe wiki nzima ajiandae, siyo mtihani wa kumvizia, na mkae wote wawili. Chukua kwenye faili lako ripoti iliyochapishwa ya mwezi uliopita, ile yenye mhuri, mwambie afungue hiyohiyo kwenye mashine ya majaribio, halafu pita mstari kwa mstari na kalamu. Akifika hapo na namba zikalingana, utalala usingizi.

Kwa nini nakazania hivyo? Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza programu za watu wengine na ina wataalamu wa kutosha, mfanyakazi wao alifuta kwa bahati mbaya folda ya databesi kwenye serva iliyokuwa inafanya kazi, alidhani yuko kwenye ile ya pili. Karibu GB 300 zikabaki GB 4.5 hivi. Wakakimbilia bekapu. Bekapu za kila siku hazikuwepo, folda ilikuwa tupu, kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa toleo la zamani lisiloendana na databesi yao, kwa hiyo ilikuwa inafeli kila siku, na imeili za kuwaambia kwamba inafeli zilikuwa zinakataliwa njiani hazifiki. Yaani kila mtu aliamini zipo! Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono masaa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza kazi ya masaa sita ya wateja wao, na waliandika yote hadharani bila kuficha, jambo ambalo nawaheshimu nalo mpaka leo.

Sasa kuna jambo moja la kihasibu hapa ambalo kijana wako anaweza asilifikirie. Serva ya ripoti haina mauzo yako wala mishahara yako, inaenda kuyachota kwenye databesi ya mfumo wenyewe kila unapobonyeza. Kwa hiyo ukifungua leo ripoti ya Machi, unaona Machi kama ilivyo leo, na kama mtu amerekebisha ankara ya Machi mwezi Juni, namba zimebadilika. Ndiyo maana ofisi nyingi zinapofunga mwezi zinahifadhi picha ya ripoti, snapshoti, inabaki na namba zilezile za siku ile. Hizo snapshoti zinakaa ndani ya databesi ya ReportServer tu, hakuna mahali pengine zilipo. Databesi ya mfumo wa uhasibu ukiirudisha vizuri kabisa hutazipata humo. Kwa hiyo kama mnafunga mwezi kwa snapshoti, databesi ya ReportServer kwako ni kitabu cha hesabu kama vitabu vingine, mwambie hivyo kijana, na aichukulie bekapu kwa uzito huohuo.

Swali la pili la kumuuliza ni fupi: ufunguo uko wapi na pasiwedi yake anaijua nani zaidi yake? Akisita, msome tena huyo wa Mwanza hapo juu.

SWALI: Bro niaje, Mombasa hapa. Databesi ya ReportServer ni ndogo tu GB 3 lakini faili yake ya .ldf imefika GB 40 na diski imejaa, ripoti hazitoki. Naweza kuifuta hiyo .ldf iwe mpya?

JIBU: Poa sana. Na hapana, usiifute! Hiyo ni logi ya databesi, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, ukiifuta unaweza kuua databesi yenyewe.

Imejaa kwa sababu databesi iko kwenye hali ya Full, yaani logi inashikilia kila badiliko mpaka uichukulie bekapu, hali ambayo kwa ReportServer ndiyo inayopendekezwa, ila hali hiyo inataka uwe unachukua bekapu ya logi mara kwa mara, mfano kila saa, na nadhani wewe unachukua ya databesi tu. Chukua bekapu ya logi sasa hivi kwenye diski nyingine, nafasi itaachiwa ndani ya faili, ndipo uipunguze ukubwa kwa DBCC SHRINKFILE mara moja tu, halafu panga ratiba. Kama ofisi yenu haiumii kupoteza mabadiliko ya siku moja, badilisha iwe Simple, ambayo logi inajisafisha yenyewe, na uchukue bekapu nzima kila usiku, yatosha. Ukihitaji nakala ya haraka kabla ya kurekebisha kitu, weka COPY_ONLY kwenye amri ili usivuruge mpangilio wa zile za kawaida, na CHECKSUM ili makosa yaonekane mapema. Hiyo ReportServerTempDB iache kwenye Simple, mle mna mambo ya muda tu, ila isikosekane, na jina lake lisibadilike.

SWALI: Mwalimu nimehamisha SSRS kutoka serva ya zamani kwenda mpya, databesi nimerudisha, ufunguo nimerudisha, yote sawa. Sasa ukurasa unaniambia eti toleo langu haliruhusu scale-out. Sijaweka scale-out yoyote, nina serva moja tu. Tena juzi mkurugenzi amepata ripoti ileile mara mbili, na namba hazifanani. Dodoma.

JIBU: Hayo ni mambo mawili tofauti ila mzizi ni mmoja, serva ya zamani bado haijaagwa vizuri.

Lile jedwali la Keys nililolitaja lina mstari kwa kila serva iliyowahi kutumia databesi hiyo. Uliporudisha databesi ilikuja na mstari wa serva ya zamani, halafu mpya nayo ikajiandikisha, kwa hiyo SSRS ikihesabu inaona serva mbili zinatumia databesi moja, hiyo ndiyo scale-out, na toleo la Standard haliruhusu hivyo. Endesha rskeymgmt -l kwenye serva mpya, itakuorodheshea zote, angalia ile yenye jina la mashine ya zamani, nakili namba yake ndefu, kisha uiondoe kwa rskeymgmt -r ikifuatiwa na namba hiyo. Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza, usije ukaitoa mpya. Chukua bekapu kwanza, najua umechukua, chukua tena.

Hilo la mkurugenzi kupata ripoti mbili: serva ya zamani bado imewashwa na ina nakala yake ya databesi, na ratiba zake ziko kwenye SQL Server Agent, programu inayoendesha kazi za ratiba, zinaendelea kugonga kila asubuhi kama kawaida. Moja ya ripoti hizo inatoka kwenye mashine ya zamani ambayo pengine bado inasoma databesi ya zamani, ndiyo maana namba zinapishana. Hili ni baya kuliko ukurasa kukataa kufunguka, maana mtu anaweza kufanya maamuzi ya hela kwa namba za mwezi uliopita na asijue. Zima sevisi ya SSRS kule leo, na kwenye Agent futa zile kazi zenye majina marefu ya herufi na namba zilizochanganyika. Serva mpya haina haja ya kuhamishiwa hizo kazi, inazitengeneza yenyewe sevisi ikiwashwa. Halafu muandikie mkurugenzi imeili umwambie ipi ndiyo sahihi, usimwachie akisie.

Na kwa wote mnaopanga kuhama: databesi ya SQL Server inapanda toleo haishuki. Bekapu ya 2019 itaingia kwenye 2022, ya 2022 haiingii kwenye 2019 hata ufanyeje. Kagua kabla hujanunua mashine. Vilevile mipangilio ya imeili ya kutumia ripoti haiko kwenye databesi, iko kwenye faili la rsreportserver.config, kwa hiyo faili hilo nalo linakiliwe, na rssvrpolicy.config na web.config kama mliwahi kuzigusa.

SWALI: Bekapu nihifadhi wapi? Kwa sasa naweka kwenye diski ya nje iliyochomekwa hapohapo kwenye serva. Tuna wazo la kuhamia kwenye klaudi lakini intaneti yetu si ya kutegemea. Kampuni ya usafirishaji, Tanga.

JIBU: Hiyo diski iliyochomekwa saa zote, siku virusi vya kufunga mafaili na kudai hela vikiingia vitaifunga pamoja na serva, na umeme ukipiga unapiga vyote viwili. Ina faida moja tu, kurudisha haraka ukiwa umefuta kitu kwa makosa. Iache kwa kazi hiyo, ila isiwe peke yake.

Nakala iliyo mbali ndiyo ya muhimu. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo zima la serva la OVH, kampuni ya kukodisha serva, kule Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliokuwa na bekapu, tena waliamini wamefanya kila kitu sawa, kumbe bekapu zilikuwa kwenye eneo lilelile na zikaungua pia. Kwa hiyo hata ukienda klaudi uliza nakala inakaa wapi.

Na intaneti una haki ya kuiwaza. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sisi huku intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa, sasa piga picha ndiyo siku ambayo serva yako imekufa na bekapu pekee iko nje ya nchi. Ushauri wangu kwa ofisi ya ukubwa wenu: klaudi iwepo, kupeleka usiku wakati hakuna mtu, na pia diski mbili za nje zinazopokezana, moja iko ofisini nyingine iko tawi jingine au nyumbani kwa mkurugenzi, zinabadilishana kila Ijumaa. Databesi ya ReportServer kwa kawaida siyo kubwa, diski ya bei ya kawaida inatosha na inabaki.

Ila hizo diski zinazotembea zifungwe. Ndani mna snapshoti za mishahara, majina ya madereva na namba zao za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haiangalii kama taarifa zilivuja kwenye serva au kwenye diski iliyosahaulika kwenye bajaji. SQL Server tangu 2014 inaweza kuisimba bekapu yenyewe ikiwa unatumia Standard au Enterprise, ila cheti kinachotumika nacho lazima kihifadhiwe pembeni, ukikipoteza hiyo bekapu haifunguki, na hapo tumerudi palepale kwenye habari ya ufunguo.

SWALI: Nasikia SSRS inakufa, je nianze kujifunza kitu kingine?

JIBU: Haifi kesho. Toleo la 2022 ndilo la mwisho, SQL Server 2025 haikuja na SSRS mpya, badala yake mnunuzi wa toleo la kulipia anapewa Power BI Report Server, serva nyingine ya ripoti ya Microsoft. Microsoft wamesema wataendelea kuitunza SSRS 2022 mpaka Januari 11, 2033. Na Power BI Report Server kwa ndani ni ndugu yake kabisa, databesi mbili vilevile, Configuration Manager vilevile, ufunguo vilevile, tena unahamia kwa kurudisha databesi na ufunguo wa SSRS. Kwa hiyo ukilijua hili vizuri hupotezi kitu.

SWALI: Kaka, mimi ndiye IT peke yangu hapa ofisini, Moshi, na nimepata kazi sehemu nyingine, naondoka mwisho wa mwezi. Atakayekuja bado hajapatikana. Sitaki niwaache kwenye shida. Niwaachie nini kuhusu serva ya ripoti?

JIBU: Mungu akubariki kwa kuwaza hivyo, kwa kweli. Nikuambie kilichonipata mimi. Miaka mingi nyuma niliingia kazini sehemu fulani nikakuta mtangulizi wangu ameacha flashi nyeupe yenye kipande cha plasta juu yake kimeandikwa kwa kalamu "RS KEY". Niliiweka kwenye droo nikijua mambo yako salama. Serva ilipokufa nikaichomeka, faili la .snk lipo, zuri kabisa, likaniomba pasiwedi. Hakuna aliyeijua. Hiyo pasiwedi siyo ya Windows wala siyo ya databesi, ni ile aliyoiandika mwenyewe siku anatoa ufunguo, na bila hiyo faili halina kazi yoyote. Nilikaa usiku wa siku mbili naandika upya vyanzo vya data zaidi ya 30, vingine nikiwapigia simu watu wa matawi saa nne usiku kuwauliza pasiwedi.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Toa ufunguo upya wiki hii, rskeymgmt -e -f ikifuatiwa na mahali pa kuweka faili, halafu -p na pasiwedi. Usiamini ule uliotoa miaka iliyopita, huenda mtu alitengeneza mwingine katikati. Faili liweke kwenye diski mbili tofauti. Pasiwedi iandike kwa mkono kwenye karatasi, kwa herufi zinazosomeka, O na sifuri zitofautishe, itie kwenye bahasha, iandike nje inafungua nini na tarehe, ifunge, umkabidhi mkurugenzi au mhasibu mkuu asaini kwenye daftari na aiweke kwenye sefu. Isikae pamoja na diski.

Karatasi ya pili iwe na orodha ya vyanzo vyote vya data, kila kimoja kinaenda serva ipi, databesi ipi, kwa akaunti ya nani. Na kama kuna chanzo kinatumia akaunti yako binafsi, badilisha kabla hujaondoka, maana siku watakapoifunga akaunti yako hizo ripoti zinakatika. Angalia pia sevisi yenyewe inaendeshwa na akaunti gani, ikiwa ni yako ibadilishe kupitia Configuration Manager, siyo kupitia dirisha la Services la Windows, kwa sababu Configuration Manager inashughulikia na ufunguo hapohapo, lile dirisha halishughulikii.

Halafu jambo la mwisho, na hili ndilo ningeliweka la kwanza kama siku zako zimebaki chache. Kwa kuwa mrithi bado hajapatikana, mchukue mtu mmoja pale ofisini anayejiweza kidogo na kompyuta, hata kama ni karani wa stoo, mtafutie mashine ya akiba, mkalishe yeye kwenye kiti, wewe simama nyuma usishike mausi. Aweke SSRS, arudishe databesi, aielekeze kwenye databesi hiyo, afungue bahasha asome pasiwedi mwenyewe, arudishe ufunguo, afungue ripoti moja. Kabla hajafungua ripoti hakikisha Agent ya mashine hiyo imezimwa ili zisianze kutuma imeili kwa watu. Pale atakapokwama, mahali hapo ndipo maelezo yako hayajatosha, ongeza sentensi. Akifanikiwa, funga bahasha mpya, weka tarehe mpya, na umwachie namba yako ya simu.